Takwimu za serikali zilivyotuonyesha bomba letu lilipoziba

Kilula (bomba la pamoja la kuchotea maji) cha jirani na kwetu, upande wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilikauka kiangazi cha mwaka juzi. Kila tulipouliza tulijibiwa kuwa mradi unatoa maji. Mimi ni katibu wa kamati ya maji, na sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba si kweli.

Mpwa wangu anayesoma Arusha ndiye aliyenitumia faili. Miaka ya 2011 hadi 2013 Wizara ya Maji ilihesabu vituo vya kuchotea maji nchini, na takwimu zile zikaachwa wazi kwa yeyote. Faili nililopata lina vituo 59,400: kata, kijiji, bonde (letu ni Pangani), mfadhili, mwinuko na hali ya kila kimoja. Vituo 22,824 vilikwisha kuandikwa havifanyi kazi tangu wakati huo. Namba hiyo iliniuma.

Nilichuja Moshi Vijijini, kisha kata, kisha kijiji. Jina la kijiji chetu limeandikwa kwa tahajia tatu, na usipozitafuta zote unapoteza nusu ya vilula vyako. Nilibaki na 17. Nikavichapisha, nikaenda kwa mzee mmoja wa kitongoji cha juu aliyeshiriki kuchimba mtaro wa bomba.

"Shikamoo babu, naomba unipitishe vilipo."

"Marahaba. Vaa viatu vya kutembea, mwanangu."

Tulitembea siku mbili, vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, na kando ya mfongo wa zamani, mfereji wa asili wa Wachaga. Sita vilikuwa vikavu. Usiku nikavipanga kwa mwinuko, kwa kuwa maji yetu ni ya mserereko, yanashuka yenyewe kutoka juu. Vile sita vyote vilifuatana kwenye tawi moja, chini ya kilula ambacho bado kinatoa maji. Kumbe chanzo kilikuwa na maji; tatizo lilikuwa kwenye tawi hilo!

Nilipeleka orodha kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na kwa wahusika nikaandika barua ya kuomba kumbukumbu za matengenezo kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayotaka ujibiwe ndani ya siku 30. Mafundi walikuja kabla ya siku hizo kwisha. Wakafukua mahali tulipoonyesha, wakakuta koki ya tawi imejaa mizizi.

Vilula vitano vinatoa maji sasa. Cha sita, cha shuleni, kimepasuka bomba na tunachangia. Orodha naandika upya kwa mkono kila mwezi, tarehe na hali, kwa sababu ile ya wizara imezeeka na watoto bado wanabeba ndoo.