Kamera mpya, wiki ya sita: fundi wa majahazi na kanzu nyeupe

Nilisema nitaandika kila Jumapili. Zimepita tatu kimya, kwa hiyo leo namwaga yote kwa pamoja.

Kwa wageni: kamera ni Nikon D3500, toleo la mwaka 2018, niliyoinunua kwa mtu aliyepiga nayo harusi mbili akachoka. Kwangu mimi ni mpya. Mradi ni kufuatilia jahazi moja linaloundwa ufukweni Bagamoyo, kuanzia mataruma (mbavu zake) hadi siku litakaposhushwa majini. Nilijiwekea na sharti: sinunui kifaa kingine mpaka hiki nilichonacho nikijue. Sharti lilivunjika wiki ya pili, nitafika huko.

Siku za mwanzo niliiacha kwenye AUTO, ile alama ya kijani. Siwacheki wanaoitumia, ila kila nilipoingia kwenye kivuli cha jahazi fleshi ilifyatuka yenyewe, mafundi wakashtuka, na nyuso zikatoka kama za kituo cha polisi. Siku ya tatu nikahamia A: mimi nachagua ukubwa wa tundu la lenzi, kamera inajipangia kasi ya shata. Nimebaki hapo karibu muda wote. Nikihama nakwenda S, ambako kasi ya shata naichagua mimi, na sababu ni keekee.

Keekee, kwa ambao hawajaiona, ni ile ya kutobolea mbao inayoendeshwa kwa upinde. Fundi anavuta upinde mbele na nyuma, ncha inazunguka, unga wa mbao unamwagika miguuni. Kwa 1/500 ya sekunde kila kitu kinaganda, utadhani kaishika tu ili apigwe picha. Kwa 1/30 upinde na mkono vinakuwa ukungu huku uso umetulia, mradi mwenye uso naye atulie. Katika picha arobaini nilipata mbili. Lenzi yangu ya 18-55 ina VR, inayopunguza mtikisiko wa mikono yangu. Mtikisiko wa fundi haiujui.

Sasa huo uvunjaji wa sharti. Kariakoo nilikuta lenzi ya 50mm f/1.8D (namba ya f ni ukubwa wa tundu: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), mtumba safi, kioo hakina ukungu wala mkwaruzo. Nikatoa laki na nusu. Kufika nyumbani kamera ikaandika FEE, ikagoma. Kumbe lenzi hizi za zamani zina pete ya tundu, na lazima uizungushe hadi 22 na kuifunga hapo ndipo kamera ikubali kufanya kazi. Sawa, nikafunga; ukubwa wa tundu naupanga kwenye kamera. Nikabonyeza shata nusu. Kimya. Hakuna mlio, hakuna kinachozunguka. Lenzi za aina hii hutegemea mota iliyo ndani ya kamera, na D3500 haina mota hiyo. Inataka lenzi yenye AF-S au AF-P kwenye jina. Muuzaji simlaumu, maandishi yapo kwenye lenzi yenyewe na mimi nina macho.

Sijairudisha. Nazungusha kwa mkono, na chini kushoto kwenye kitundu cha kuchungulia kuna nukta ya kijani inayowaka ukishapata fokasi. Kwa f/1.8 eneo lenye fokasi ni jembamba, mtu akipumua tu nukta inazimika, na unarudi nyumbani na ndevu zilizokaa vizuri na macho yaliyofifia. Nikapanda hadi f/2.8, maisha yakawa mepesi. Isitoshe, kwenye sensa ndogo ya kamera hii (si ile sensa ya kuhesabu watu) 50mm inaona kama 75mm, urefu mzuri kwa uso wa mtu.

Na uso ndio ulionifundisha kamera. Ijumaa moja mzee, fundi mkuu wao, alitoka msikitini moja kwa moja kuja ufukweni, kanzu nyeupe pe, kofia imenyooka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo nipige nikiwa mtu."

Saa saba na nusu, jua utosini, mchanga unamemetuka. Nikapiga tatu, nikamwonyesha skrini. Akaitazama, akaisogeza mbali kidogo na macho, akaitazama tena.

"Mwanangu, mimi mweusi, lakini si mkaa."

Vijana walicheka mpaka tezo zikawekwa chini. Mimi nilirudi nyumbani kusoma. Kipima mwanga cha kamera hakijui kanzu ni nini. Kwa ujumla hukadiria kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Ukikipa mchanga mweupe na kanzu nyeupe, kinaona mwanga umezidi na kuubana: kanzu inakuwa kijivu, uso unazama gizani. (Enzi za filamu, kadi za Kodak za kupimia rangi, zilizoitwa Shirley, zilikuwa na picha za wanawake weupe. Habari tofauti na kipima mwanga, lakini sisi tumezoea kutoka vibaya kwenye picha kwa sababu zaidi ya moja.)

Jumamosi nikamwomba avae tena. Kwanza nikabonyeza kitufe cha +/-, cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha, nikazungusha gurudumu hadi +1.3. Uso ukatoka, lakini kanzu ikaungua, darizi ya shingoni haionekani hata uzi mmoja. Hapo nikaelewa kwamba kamera peke yake haitanitoa. Nikamhamishia kwenye kivuli cha jahazi, ameelekea baharini, mwanga wa ufukwe unamrudia usoni na vile vishimo vya macho vya jua la mchana vimeondoka. Nikaweka upimaji wa nukta, yaani kamera ipime mwanga wa sehemu moja ndogo tu, nukta shavuni. Sasa kamera ikataka kulifanya shavu lenyewe kuwa kijivu, picha ikang'aa kupita kiasi. Nikashusha hadi -0.7. Shavu likawa shavu, darizi ikarudi. Mzee akatazama, akasema tu, "Ehe."

Tangu siku hiyo nimewasha ile onyesho inayopepesa sehemu zilizoungua, na napiga RAW, faili ghafi la sensa, badala ya JPEG, picha ambayo kamera imeshaichakata. Kila pikseli ya RAW ya kamera hii hubeba ngazi 4,096 za mwanga, za rangi moja tu, JPEG 256 tu kwa kila rangi, na tofauti unaiona ukijaribu kufufua kivuli kwenye darktable, ambayo ni programu ya bure. Kadi zinajaa haraka, basi.

Hasara ya mwezi: madoa meusi angani kwenye picha zote za f/16. Vumbi. Nilibadilisha lenzi ufukweni penye upepo, na D3500 haina utaratibu wa kujitikisa kujisafisha kama baadhi ya ndugu zake. Pampu ya mpira imeyatoa, isipokuwa moja sugu kona ya juu. Lenzi sasa zinalala kwenye deli la plastiki lenye vipakiti vya kunyonya unyevu, na kamera naifuta chumvi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila nikirudi.

Kwa sasa vijana wanapiga kalafati, pamba na mafuta kwenye kila upenyo wa mbao. Jahazi litashushwa kwenye maji ya bamvua, yale yanayojaa zaidi, alfajiri, jua likichomoza baharini usoni mwa kamera: hesabu ya mwanga inaanza upya. Betri ya akiba ninayo. Nimemuuliza mzee kama siku hiyo atavaa kanzu, akasema atavaa, na nisije na ule mkaa wangu.