Siku nilipoziona nyuzi za sauti ya shangazi

Shangazi yangu aliimba taarabu kwenye harusi za Tanga tangu mimi mtoto. Mwaka ule sauti ilianza kukwaruza, na kwenye viitikio vya juu ikawa inamkatikia kabisa. Tangawizi na asali havikusaidia. Nikampeleka Dar es Salaam kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari, binti mdogo aliyemwamkia shikamoo kabla ya lolote, alimpulizia dawa ya ganzi puani, kisha akapitisha kamera nyembamba mpaka kooni. Kwenye skrini zikatokea nyuzi mbili nyeupe, zimeungana mbele na kuachana nyuma. Shangazi akivuta pumzi, zinafunguka; akitoa "iii", zinakutana. Hazifiki hata sentimita 2. Nilishindwa kuamini kwamba kumbi zote zile zilijazwa na kitu kidogo namna hii.

"Hewa ya mapafu inazisukuma zinaachana, zinajifunga tena," daktari alisema. "Mwanamke akizungumza, ni karibu mara 200 kwa sekunde. Bila taa hii ya kumulika na kuzima, jicho lingeona ukungu tu. Haya bibi, panda sasa."

Shangazi akapanda. Nyuzi zikarefuka, zikawa nyembamba. Kamera ingali puani, akauliza: "Mwanangu, mbona zinarefuka na sauti inapanda? Kwenye udi uzi mrefu ndio wenye sauti nene."

Hilo swali sikulitegemea, na nadhani hata daktari. Aligusa koo lake mwenyewe, chini kidogo ya kikoromeo. Hapo, alisema, pana msuli ambao ukijikaza huinamisha gegedu na kuzivuta nyuzi. Kurefuka peke yake kungeshusha sauti kweli, lakini mvuto ule unazikaza mno, nguvu ya kukazwa inashinda urefu, nazo zinatetema upesi zaidi. Ndipo sauti inapanda.

Vikaonekana vinundu viwili, kimoja kila upande, pale zinapogongana kwa nguvu zaidi. Nyuzi hazikuweza kufunga sawasawa, hewa ikawa inavuja, na huo ndio mkwaruzo tuliousikia. Akaambiwa apumzishe sauti, anywe maji, asishindane na spika, na afanye mazoezi na mtaalamu wa sauti.

Kamera ilipotolewa, daktari alimsimulia habari za Manuel García, mwalimu wa uimbaji ambaye mwaka 1854 alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kuzitazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi.

"Kumbe mwimbaji mwenzangu," shangazi alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke Tanga. Halafu akauliza kilichokuwa kikimsumbua muda wote: "Nikiimba chini, watu watanijua?"

"Watakujua. Nyuzi zinatoa mvumo tu. Koo, mdomo na pua ndivyo vinavyoufanya uwe sauti yako, na hivyo viko vilevile."

Miezi ikapita. Kwenye harusi moja Chumbageni wanamuziki walimshushia ufunguo, nami nikakaa nyuma ya mpiga kanuni nikisikiliza kwa roho juu. Sauti ilikuwa chini kuliko tulivyoizoea, lakini ni yeye hasa, na mkwaruzo haupo. Ubeti wa kwanza haujaisha, wanawake walishapanga foleni na noti mkononi kwenda kumtuza.