Usizifute hizo simu fupi

Wanafunzi wa masters wanaofanya risechi za operesheni, yaani hesabu za kupanga kazi na huduma, wananiuliza sana waanze na modeli gani ya hesabu, na mimi huwa nawaambia anza na data halisi kwanza, tena ile mbichi kabisa, mstari kwa mstari, modeli itakuja tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kol senta ya benki moja kule Israeli, data ya mwaka 1999 mwaka mzima. Avishai Mandelbaum wa chuo kikuu cha Technion cha huko huko na wenzake walipata rekodi ya kila simu, imeingia saa ngapi, imekaa kwenye foleni sekunde ngapi, imepokelewa au mteja kachoka kakata, mazungumzo yamechukua muda gani, uchambuzi wao ukatoka 2005. Kol senta nyingi hazitunzi vitu hivyo jamani, zinabaki na wastani wa kila nusu saa basi, rekodi zenyewe zinatupwa.

Hesabu za foleni za simu ni za zamani, Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alianza kuzichapisha 1909, na zile fomula zake maarufu zikatoka 1917, mpaka saivi watu wanapangia shifti za wahudumu kwa hizo hizo. Sasa ile ya kusubiri, Erlang C, inachukulia kwamba muda wa mazungumzo unafuata eksponensho (simu fupi ndo nyingi kuliko zote, na kadiri muda unavyorefuka zinazidi kupungua) na mteja atasubiri tu hata iweje mpaka apokelewe. Data ya benki ikasema vingine. Muda wa mazungumzo ukaja kwa umbo la lognomo (nyingi zinajikusanya kwenye muda wa kati, chache zinavuta mkia mrefu), na wateja walikuwa wanakata kweli, tena uwezekano wa mtu kukata ulikuwa unapanda ghafla karibu na sekunde ya 60, pale pale anaposikizishwa tangazo la kumwambia avumilie. Yaani tangazo limewekwa ili asiondoke na inaonekana ndo linamwondoa, fomula peke yake isingekuambia hilo hata siku moja.

Ila kilichonigusa zaidi ni zile simu fupi. Walipochora grafu ya muda wa mazungumzo likatokea rundo la simu za chini ya sekunde 10, na wengi wetu hapo tungesema hizi ni eroo za mfumo, tunafuta, tunaendelea. Wao wakafuatilia, wakakuta ni wahudumu wenyewe walikuwa wanawakatia wateja ili wapate kupumzika kidogo! Mteja kasubiri foleni yote ile, zamu yake imefika, anakatiwa. Na ukiangalia ripoti ya wastani hizo simu zinakifanya kituo kionekane kina kasi. Kuelekea mwisho wa mwaka uongozi ukachukua hatua, rundo likapungua. Mimi siwalaumu wahudumu, mtu ukimpima kwa idadi ya simu alizopokea na ufupi wa mazungumzo ndicho utakachopata, lakini ungejuaje kama ungekuwa umefuta ile mistari?

Kwa hiyo ukienda kuomba data usikubali haraka wakikupa eksel ya wastani wa mwezi, omba rekodi ya kila tukio na saa yake, majina na namba za wateja waziondoe, halafu omba pia ukae na wanaozijaza uone zinajazwaje. Hapa kwetu ndo kuna kazi kweli, daftari za mapokezi za zahanati nilizoziona mimi zina tarehe ila hazina saa mgonjwa aliyofika wala aliyomwona daktari, na bila hizo saa mbili foleni huwezi kuipima hata uwe na programu gani. Kolamu mbili tu. Kama uko sehemu wanaziandika, au uongozi wako uko tayari kuanza kuziandika, niandikie, nitakuja kuziingiza kwenye kompyuta mwenyewe.