Kupima Oili ya Injini Katika Mji wa Miteremko

Ninaishi Isamilo, jijini Mwanza, upande ule ambao mawe makubwa yalitangulia na nyumba zikaja baadaye kujipenyeza katikati yake. Gari langu, Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, hulala nje ya geti likiwa limeelekeza pua kilimani, breki ya mkono ikiwa imevutwa na jiwe limewekwa nyuma ya tairi kwa tahadhari. Kwa miezi mingi nilikuwa nafungua boneti pale pale kila Jumamosi asubuhi, nachomoa stiki ya oili, naisoma, na kuridhika kwamba mimi ni mwenye gari makini. Nilichokuwa nakipima kwa kweli ni mwinamo wa barabara yetu.

Oili hukaa kwenye sampu, lile bakuli lililo chini ya injini, na kama kimiminika chochote huwa tambarare hata pale bakuli lenyewe linapoinama. Katika gari langu stiki huingia upande wa mbele wa injini, kwa hiyo pua inapokuwa juu oili hukimbilia nyuma na kuiacha stiki ikigusa kidogo. Hesabu yake si ngumu: ikiwa ncha ya stiki iko sentimita 10 mbele ya katikati ya sampu, na barabara imeinama nyuzi 8, usawa wa oili mahali hapo hushuka kwa takriban sentimita 1.4. Kati ya alama ya chini na alama ya juu kwenye stiki yangu kuna milimita 20 hivi, na nafasi hiyo ni sawa na takriban lita 1 ya oili. Kwa maneno mengine, injini iliyojaa vizuri ilikuwa ikijionyesha kama iliyopungukiwa zaidi ya nusu lita, nami nikawa naongeza kidogo kidogo hadi robo tatu ya lita ikaisha.

Matokeo niliyaona njiani kwenda Geita, muda mfupi baada ya kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, nilipokanyaga mafuta kulipita lori na kuona kwenye kioo moshi wenye rangi ya buluu ukitoka nyuma yangu. (Zamani, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2025, foleni ya pantoni ilitulazimisha kuzima injini, na madereva wengi walitumia muda huo kufungua boneti. Siku hizi tunapita moja kwa moja na hakuna anayefungua kitu.) Niliporudi Mwanza nililipeleka gari kwenye gereji moja ya Nyakato, kwa fundi mtu mzima ambaye hakugusa spana hata moja kabla ya kuuliza maswali.

"Mwalimu, hili gari unalipimia wapi oili?"

"Nyumbani, Mzee. Pale linapolala."

"Na linalala kumelala au kumeinuka?"

Nilipomweleza alicheka kwa upole, akalisogeza gari hadi kwenye sakafu ya zege, akasubiri, akachomoa stiki. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa zaidi ya sentimita 1. Aliipunguza kwa bomba kubwa la sindano lililofungwa mpira mwembamba, akiupitisha kwenye tundu la stiki yenyewe, kazi ambayo haikuchukua hata nusu saa.

Watu wengi huogopa oili ikipungua na kudhani ikizidi ni akiba. Ikizidi sana, krenki, ule mhimili mkuu wa injini unaozunguka maelfu ya mara kwa dakika, huanza kuipiga na kuitia hewa hadi itoe povu, na oili yenye povu hailindi beringi ipasavyo, kwa sababu pampu husukuma hewa pamoja na oili. Nyingine huvutwa na mfumo wa kupumulia injini hadi kwenye njia ya hewa, ikaungua pamoja na petroli. Ndio ule moshi wangu. Sili nazo, zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke, huanza kuvuja. Injini hii, kwa kubadilisha pamoja na filta, huchukua lita 3.7, mimi nilikuwa naendesha na zaidi ya lita 4.

Tangu siku hiyo naanza na ardhi kabla ya injini. Niliazima pimamaji, kile kifaa chenye kiputo kinachokaa katikati mahali panapokuwa pamelala, kwa jirani yangu ambaye ni fundi ujenzi, nikatafuta sehemu iliyolala barabarani kwetu, na nikaipata mbele ya duka lililo mita 200 kutoka nyumbani. Pimamaji huwekwa chini kwa mwelekeo wa urefu wa gari, kisha kwa upana wake. Wengi hutazama mbele na nyuma tu wakasahau kushoto na kulia, ilhali injini ya gari kama langu imelazwa kwa upana, kwa hiyo mwinamo wa pembeni nao huhamisha oili. Asiye na pimamaji anaweza kulaza chupa ya maji iliyojaa nusu na kuangalia mstari wa maji. Na kwa yule bwana niliyemwona siku moja akipima oili juu ya pantoni ya Kamanga huku mawimbi yakitutikisa, nilitamani kumwambia kitu lakini nikaona aibu.

Baada ya ardhi unakuja muda. Injini inapozimwa, sehemu ya oili huwa bado iko juu, kwenye kichwa cha injini na katika mifereji yake, na huhitaji dakika kadhaa kushuka. Kitabu cha Toyota kinaelekeza injini ipate moto wa kawaida, izimwe, kisha mtu asubiri zaidi ya dakika 5. Honda huelekeza takriban dakika 3, na ndiyo maana inafaa kusoma kitabu cha gari lako mwenyewe. Ninachokataa siku hizi ni kupimiwa sheli. Kijana anafungua boneti sekunde chache baada ya injini kuzimwa, kwenye sakafu ambayo mara nyingi imejengwa na mwinamo ili maji ya mvua yatoke, anaonyesha stiki iliyo karibu kavu, na chupa ya lita 1 iko tayari mkononi. Sisemi kwamba wote wana nia mbaya. Nasema kipimo chenyewe hakina maana.

Kuna wanaopendelea kupima asubuhi injini ikiwa baridi, nami ni mmoja wao, kwa kuwa oili yote imeshashuka na hali ni ile ile kila mara. Ila ni lazima kujua kwamba oili hutanuka kwa joto. Lita 3.7 zikipashwa kutoka nyuzi 20 za asubuhi ya Mwanza hadi nyuzi 90 huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 5, yaani chini kidogo ya robo lita. Kwa hiyo nilipima mara moja kwa njia zote mbili, baridi na kama kitabu kinavyosema, nikakuta tofauti ya milimita 2, na tofauti hiyo nimeiandika ndani ya kifuniko cha daftari langu.

Kusoma stiki kwenyewe kuna adabu zake. Wakati wa kiangazi vumbi letu hujaa juu ya injini, kwa hiyo nafuta kuzunguka tundu kabla ya kuchomoa chochote. Mchomo wa kwanza hausomwi: stiki hufutwa kwa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi (kipande cha kanga kuukuu kinafaa kuliko sponji), hurudishwa hadi kishikio kikae kabisa, huachwa kidogo, ndipo huchomolewa tena na kushikwa ikiwa imelala, maana ukiisimamisha oili huteremka na kukudanganya. Tazama pande zote mbili. Oili iliyobaki kwenye kuta za tundu huupaka upande mmoja juu zaidi, na hapo usomaji wa chini ndio wa kuaminiwa. Oili mpya ni angavu mno, huonekana kwa shida. Nailaza stiki juu ya karatasi ya chooni na alama hujitokeza yenyewe.

Ikibidi kuongeza, naongeza robo lita, nasubiri dakika 10, napima upya. Baada ya kubadilisha oili na filta ni lazima kuwasha injini kwanza, kwa sababu filta tupu hunywa takriban lita 0.3 na aliyepima kabla ya kuwasha atadhani amejaza sawasawa.

Wapo wanaoniambia kwamba taa nyekundu ya birika kwenye dashibodi inatosha. Taa ile huonyesha msukumo wa oili, si kiasi chake, na ikiwaka kwa sababu ya upungufu, pampu imeshaanza kuvuta hewa. Unachotakiwa kufanya ni kuzima injini hapo hapo. Baadhi ya BMW na Audi za miaka ya karibuni hazina stiki na hupima kwa kihisio, lakini hizo nazo hutaka ardhi iliyolala.

Rangi hainisumbui, kwani oili huwa nyeusi kwa kufanya kazi yake. Kinachonishtua ni oili ya rangi ya chai ya maziwa, ambayo ni dalili ya maji, au usawa unaopanda wenyewe huku stiki ikinuka petroli.

Daftari langu lina safu tatu: tarehe, kilomita, na milimita chini ya alama ya juu. Toyota huhesabu lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa ukomo wa matumizi ya oili, kiwango ambacho kwangu ni kikubwa mno, ila bila daftari nisingejua nipo wapi. Jumamosi iliyopita, kilomita 3,100 tangu nibadilishe, injini ikiwa baridi na kiputo cha pimamaji kikiwa katikati, niliandika milimita 6. Sikuongeza kitu.