Tishu inayomeza tena protini iliyoitoa yenyewe

Mdudu akishaingia hatua ya pupa, ile ya kati ya buu na mdudu mzima, hali chakula tena. Mbawa, misuli na ganda jipya vyote vinajengwa kwa akiba, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ni heksamerini: protini yenye vijenzi 6, kila kimoja takriban kilodaltoni 80 (kipimo cha uzito wa molekuli), jumla karibu 500. Aina yake iitwayo arilforini imejaa asidi amino za fenilalanini na tirosini, na tirosini ndiyo inayohitajika kukazia ganda.

Uzuri wa jambo hili uko kwenye tishu ya mafuta. Buu akiwa bado anakula, tishu hiyo hutengeneza heksamerini na kuimwaga kwenye damu. Siku chache baadaye seli zilezile huifyonza na kuihifadhi kama punje. Kinachozigeuza ni 20-haidroksiekdisoni, homoni ya kujivua ganda (hapa chini: ekdisoni). Homoni ya utoto ikiwa juu, huzuia. Ikishuka na ekdisoni ikapanda, ufyonzaji huanza.

Namna ya kufungua mlango si moja. Kwa nzi Sarcophaga peregrina na Calliphora vicina, kipokezi, yaani protini ya seli inayonasa heksamerini, huwa kimeshatengenezwa kikiwa hakifanyi kazi. Ekdisoni husababisha kikatwe na kimeng'enya, ndipo kinase heksamerini. Kwa Drosophila, nzi wa matunda, ekdisoni huwasha jeni ya kipokezi yenyewe, Fbp1. Basi usichukue matokeo ya nzi mmoja ukamvika mwingine.

Jaribio la zamani bado ndilo bora: mfunge buu uzi kabla homoni haijapanda, tezi zinazotoa ekdisoni zibaki upande wa mbele. Nyuma ya uzi punje hazitokei, mpaka udunge ekdisoni. Kundi la ulinganisho lidungwe kimumunyisho kitupu, kisicho na homoni. Ukichelewa kufunga, homoni imeshavuka, na sehemu ya nyuma nayo itageuka pupa. Mabuu hao waondoe kwenye hesabu.

Damu ikusanywe juu ya barafu pamoja na feniltiourea, la sivyo kimeng'enya cha fenoloksidasi, ambacho kemikali hiyo hukizuia, huigeuza nyeusi. Zungusha kwenye sentrifuji kuondoa seli. Jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa ukubwa, itakuonyesha mstari wa karibu kilodaltoni 80, kwa kuwa SDS, aina ya sabuni, huvunja heksamerini kuwa vijenzi vyake. Ukiitaka nzima, tumia jeli isiyo na SDS.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuona protini imepungua kwenye damu ukasema imefyonzwa. Utengenezaji nao husimama kipindi hichohicho. Pima damu na tishu ya mafuta kwa pamoja, au bora zaidi, dunga heksamerini yenye alama inayong'aa uifuatilie hadi ndani ya seli.