Ile fainali ya Kigoma 2021, mechi iliamuliwa pale kati

Nimeirudia tena ile fainali ya Kombe la FA, Simba na Yanga, tarehe 25 Julai 2021 pale uwanja wa Lake Tanganyika, na bado nasema watu wanaongelea goli tu wakati mechi iligeuka mapema kabisa. Kumbuka wiki tatu nyuma Yanga walikuwa wamewafunga Simba 1-0 kwenye uwanja wa Mkapa, goli la Zawadi Mauya, so kocha wao Nabi alikuja Kigoma akijua akifunga njia za katikati Simba wanahangaika, na mwanzoni kweli ikawa hivyo.

Afu ikaja ile kadi nyekundu ya kiungo wa Yanga, Mukoko Tonombe, kabla ya mapumziko. Jamani, yule ndo alikuwa anakata mipira yote mbele ya mabeki, akitoka yeye ukuta unabaki hauna mlinzi, Yanga ikabidi warudi nyuma wote, mpira wakiupata wanaubutua tu na unarudi palepale.

Ila wakiwa kumi walikaba kiume, hilo lazima niseme. Simba walipiga pasi weee, pembeni, katikati, wapi. Mwisho mlango ukafunguka kwa kona, Luis Miquissone kachonga, Taddeo Lwanga kaupiga kichwa, zimebaki kama dakika kumi hivi. Kiungo mkabaji ndo kafunga! Na mimi naamini Tonombe angekuwepo, ule mpira wa juu angeugombania yeye.