Nilivyoelezea spishi mpya ya mbawakawa wa mazulia, kazi ya miaka mitatu kwa mdudu wa milimita tatu

Huyu mdudu wengi wanamjua kwa ubaya tu, yani lile buu lenye manyoya linalotoboa zulia la sufu, sweta, hadi wadudu wakavu waliotunzwa kwenye makumbusho. Lakini akishakua anakuwa mbawakawa mdogo wa duara ambaye hana habari na nguo kabisa, anakula chavua. Na mimi niliwapata huko huko kwenye maua, nilikuwa napitisha wavu nikitafuta nyuki wadogo, nikakuta vimbawakawa tisa vya jenasi (yani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Anthrenus vimejificha katikati ya maua meupe, ukivigusa vinakunja miguu vinajifanya vimekufa.

Nikavibandika kwa gundi kwenye vikadi na kuandika lebo siku hiyo hiyo. Hapo kwenye lebo naomba mtu asicheze, mdudu asiyejulikana alipatikana wapi na lini hata awe mpya duniani hana kazi.

Sasa kumtambua. Rangi za hawa wadudu zinatokana na vigamba vidogo vilivyofunika mwili kama mabawa ya kipepeo, na vigamba vinapukutika, kwa hiyo mzee na kijana wa spishi moja wanaweza kuonekana kama spishi mbili. Kwa hiyo unaanza na vitu visivyopukutika. Unahesabu pingili za vipapasio, kuna kundi wana 11, kuna wenye 8 kama Anthrenus museorum, kuna wenye 5 tu. Alafu unaangalia jicho, je ukingo wake wa ndani umeingia ndani au umenyooka. Wangu walikuwa na pingili 11, jicho limeingia ndani, vigamba vipana vya pembetatu, vyote hivyo vikanipeleka kwenye kundi la Anthrenus pimpinellae, jina alilolitoa Fabricius, mtaalamu wa wadudu wa Denmark, mwaka 1775, na hilo kundi ndo lenye shida mana wapo wengi wanaofanana, na kwa miaka mingi spishi tofauti tofauti zilikuwa zinaandikiwa jina hilo hilo moja kwenye makabati. Nikamtumia picha mtaalamu mmoja, nimeandika imeili ndefu kweli, akanijibu kwa swali moja tu: umeshafungua dume?

Alimaanisha kutoa kiungo cha uzazi cha dume, mana spishi zinazofanana kwa nje hutofautishwa hapo. Sikuwa nimefungua. Nilikuwa naogopa, nina madume matatu tu.

Unamloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka viungo vilainike, unamgeuza chali chini ya hadubini, unaingiza pini nyembamba pale tumbo linapoungana na kifua, unalisogeza taratibu mpaka lichomoke zima. Alafu tumbo unaliweka kwenye potasiamu haidroksaidi iyeyushe nyama, kinachobaki ni ganda na kile kiungo cha uzazi cha dume ambacho ukikiweka kwenye tone la gliserini kinaonekana kama kijiko cha kahawia chenye mikono miwili pembeni. Dume wa kwanza nilimwacha kwenye dawa usiku kucha, asubuhi nikakuta kila kitu kimekuwa kama kioo, kingo hazionekani tena. Iliniuma sana, ile ni theluthi nzima ya ushahidi wangu. Wa pili nilikaa naye, naangalia kila baada ya dakika kumi, na alipotoka vizuri nikaona ile mikono ya pembeni imejaa nywele mpaka nchani na ncha ya katikati imepinda, na hakuna mchoro wowote wa kundi lile niliokuwa nao unaofanana na kile.

Hapo moyo ulinidunda lakini bado huwezi kusema ni mpya. Lazima uhakikishe hakuna mtu aliyeshampa jina, na majina ya zamani mengine yameelezwa kwa mistari minne ya Kilatini basi. Kulikuwa na jina moja lililonisumbua, holotaipu yake, yani yule mdudu mmoja anayebeba jina rasmi, ni jike, kwa hiyo huwezi kulinganisha viungo vya dume. Ilibidi niombe picha zake, majibu yakachukua miezi saba, nilivyozipata nikaona vigamba vya chini ya tumbo vimepangwa tofauti kabisa na vya wangu. Miezi saba ile ilikuwa na thamani, bila hizo picha ningeweza kuongeza jina lisilohitajika na mwingine angekuja kulifuta.

Nikaandika, nikatuma, jarida likakataa. Mhakiki alisema wadudu tisa hawatoshi kuonyesha tofauti za ndani ya spishi. Nilikasirika siku mbili hivi, ila alikuwa sahihi. Nikasubiri msimu wa maua urudi, nikapata wengine 31, na kumbe ule mkanda mweupe mgongoni ambao mimi niliuweka kama alama kuu ya spishi umekatika kwa karibu nusu yao! Nikauondoa kwenye utambulisho, nikabakiza viungo vya dume na vigamba vya tumbo, mana hivyo havikubadilika kwa hata mmoja.

Upande wa sheria ni mfupi. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai kwa jina lolote la spishi lililotolewa baada ya 1999 utaje wazi kielelezo kinachobeba jina, kama holotaipu, na useme kimehifadhiwa wapi, na kama jarida ni la mtandaoni pekee lazima kazi iwe imesajiliwa ZooBank, yani rejista rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama, hilo lilianza 2012. Jina likiwa kivumishi cha Kilatini lifuate jinsia ya kisarufi ya jina la jenasi, Anthrenus ni la kiume. Kujipa jina lako mwenyewe hakujakatazwa lakini watu hawafanyi, mimi nililitoa kwenye ile ncha iliyopinda.

Holotaipu ni yule dume wa pili. Nilimwekea lebo nyekundu, na kabla hajaingia kabatini alikaa kwenye friza ya nyuzi hasi 20 kwa wiki mbili, mana ndugu zake ndo wanaokula makusanyo ya wadudu.

Buu lake bado halijaelezwa. Nina sita kwenye kopo, nawalisha nzi wakavu, juzi mmoja amejivua ngozi na kwenye ile ngozi vile vishungi vya nywele zenye ncha kama mshale vimebaki vizima kabisa, ndo nimeanza kuvichora.